Kaingu Kitsao, Diwani Aliyeikanya Sheria Yake Mwenyewe

Mwishoni mwa mwezi huu, tarehe 31 Desemba 1987, Mheshimiwa Kaingu Kitsao atatimiza miaka ishirini na tisa ya kulitumikia baraza letu, na siku hiyo hiyo atastaafu. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mazao, na minane iliyobaki amekuwa diwani na mwenyekiti wa Kamati ya Kilimo. Ni wachache waliowahi kukaa pande zote mbili za ile meza ndefu ya mkutano. Kwanza alisimama ukutani, kofia mkononi, akingoja kuulizwa maswali. Baadaye alikaa kitini akauliza yeye. Sisi makarani tuliomwona kotekote twaweza kusema kwamba mtu hakubadilika. Kilichobadilika ni kofia, na hiyo ilibadilika kwa sababu mbuzi wa Dabaso aliila.

Mheshimiwa Kaingu alizaliwa Ganze, kwa wakulima wa mahindi. Alisoma hadi darasa la nane akaajiriwa na baraza mwaka 1958. Alianza kazi kwao Ganze, akahamishiwa Kikambala, kisha akaletwa ukanda wa minazi kutoka Dabaso hadi Malindi. Wakati huo mkaguzi alipewa baiskeli, pampu na daftari, na mara nyingi pampu ndiyo iliyofanya kazi kuliko vyote.

Wenyeji wa mjini walimtania sana kwa asili yake. Huko kwao maji ni ya kufuatwa mbali, na mpaka leo ukimpa glasi ya maji haachi tone. Diwani Mahadhi, mwakilishi wa mjini Malindi na mtani wake mkubwa, alizoea kuwaambia wenzake, "Tungojeni kidogo, Kaingu ajaza tangi." Naye Kaingu alimaliza glasi yake taratibu, akafuta midomo, akajibu, "Nyinyi mliozaliwa karibu na mfereji, hamjui mnachokunywa."

Tutakumbuka pia muhogo wake wa kuchoma. Aliuleta kazini ukiwa umefungwa katika kitambaa safi cha Bi. Jedida, mkewe, na vikao virefu vilipofika saa sita aliufungua mezani kimyakimya na kuusukuma mbele. Yako maazimio ya baraza hili yaliyopitishwa kwa urahisi kwa sababu wapinzani walikuwa na muhogo mdomoni. Na tutamkumbuka kwa jinsi alivyoingia katika boma la mtu. Hakuanza na shamba. Alianza jikoni, akamwamkia anayepika, akatazama kilichomo chunguni. Alisema kwamba hapo ndipo mkaguzi anapojua mavuno yalikuwaje, kabla mwenye nyumba hajaanza kupamba maneno.

Alipochaguliwa diwani wa Ganze mwaka 1979, alikuja na maoni yake juu ya sheria za kilimo, na hakuyaficha. Yeye si mtu wa kupinga sheria. Alikwisha kuona mkulima mmoja mvivu akiwaharibia majirani ishirini, na aliamini kwamba kilimo kisicho na kanuni huwaumiza kwanza wale wanaofanya kazi kwa bidii. Lakini alitaka kila kanuni iseme wazi kazi ni ya nani. Alitaka pia itolewe katika msimu ambao mkulima ana nafasi ya kuitii, si wakati watu wanapanda. Na alitaka mkaguzi afike na shoka kabla ya kufika na samansi, yaani baraza lisaidie kwanza, ndipo liadhibu. Hilo la shoka lilichekwa sana mwanzoni. Leo baraza lina misumeno ya kuazimisha wakulima, na hakuna anayecheka.

Kilichompa heshima kuliko yote, hata hivyo, ni kosa. Ni yeye mwenyewe aliyetuomba tusilifiche tunapoandika wasifu huu.

Mwaka 1981 chonga walizidi pwani yetu. Chonga ni yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, na huzaliana katika magogo ya minazi iliyokufa. Minazi mikavu ilikuwa imesimama kila mahali kama nguzo zisizo na nyumba. Mheshimiwa Kaingu akapendekeza sheria ndogo. Tayari baraza lilikuwa na sheria ya mabua iliyofanya kazi vizuri sana Ganze: kila mwenye shamba, akishavuna mahindi, ang'oe mabua na kuyachoma ili funza asipate pa kulala. Akaichukua sheria hiyo, akaondoa mabua, akaweka minazi mikavu. Mwenye shamba aikate na kuichoma katika miezi mitatu, la sivyo aitwe kortini. Adhabu ilikuwa faini au kifungo.

Ilipita kwa kauli moja. Kila aliyekuwa chumbani mle alikuwa mtu wa pwani. Kila mmoja alijua kwamba kwetu shamba ni la mmoja na minazi iliyomo yaweza kuwa ya mwingine. Mzee huuza minazi akabaki na ardhi. Huwapa wakwe minazi mitano, akamwachia binti kumi. Mrithi wa minazi huenda anaishi Lamu, na mwenye ardhi analima kunde chini yake bila ugomvi wowote. Hayo twayajua tangu tukiwa wadogo. Lakini mahindi ni ya aliyeyalima, na sheria ilikuwa imeandikwa kwa akili ya mahindi. Hakuna aliyenyanyua mkono kuuliza.

Aliyepatwa na tatizo hilo wa kwanza ni Bi. Kadii, mjane wa Dabaso aliyekuwa akilima shamba la marehemu mumewe na kulea watoto wanne. Shambani mwake mlikuwa na minazi saba mikavu. Alipopata habari ya sheria mpya aliazima shoka, akakata mitatu. Wiki haikwisha, akafika Bwana Muhdhar, mfanyabiashara wa Malindi, amepandwa na hasira mpaka kilemba kimekaa upande. Babake ndiye aliyeinunua minazi yote ya shamba lile kwa baba mkwe wa Kadii, minazi bila ardhi, na hayo magogo makavu alikwisha kumwahidi fundi wa kupasua mbao.

"Mama, mnazi wangu umeukata kwa idhini ya nani?"

"Kwa idhini ya serikali, bwana. Kumetangazwa barazani kwa chifu."

"Na serikali ilinunua mnazi huu lini? Kwa nani? Mbona mimi sikualikwa?"

Majirani walicheka, lakini kwa Bi. Kadii halikuwa jambo la kuchekesha. Bwana Muhdhar alimwambia kwamba akigusa mnazi mwingine atamshtaki kwa kuharibu mali. Bi. Kadii akarudisha shoka kwa mwenyewe. Miezi mitatu ilipokwisha, mkaguzi wa baraza alipita, akaona minazi minne mikavu imesimama, akamwachia samansi. Akikata, ashtakiwa na mwenye minazi. Asipokata, ashtakiwa na baraza. Faini hakuwa nayo, kwa hivyo kilichomngoja ni kifungo, na watoto wake hawakuwa na mtu mwingine.

Alikwenda kwa miguu hadi barabara kuu, akaja ofisini kwetu Malindi akiwa na mtoto mdogo mgongoni. Mheshimiwa Kaingu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza jambo moja tu: kama mtoto amekula. Wakagawana muhogo wa siku ile.

Katika kikao kilichofuata alisimama kuomba sheria ndogo ya minazi isimamishwe na kuandikwa upya. Wenzake walimshambulia, naye alivumilia. Wengine walisema baraza litaonekana kigeugeu. Wengine walisema chonga hawangoji madiwani wabadili nia, na hilo lilikuwa kweli. Diwani Mahadhi, kama ilivyotarajiwa, ndiye aliyemchoma zaidi.

"Bwana Kaingu, sheria hii uliizaa mwenyewe, humu humu, tukakupigia makofi. Leo waja kuinyonga?"

"Simnyongi mtu. Lakini mtoto wangu nisipomkanya mimi, wataka akanywe na jirani?"

"Au ni uchaguzi? Wasikia harufu yake?"

"Bi. Kadii hapigi kura Ganze, Mahadhi. Hata akinipenda vipi, hanifai kitu."

Ukumbi ulicheka, na papo hapo ukampigia kura ya kumkataa. Alishindwa vibaya. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya kesi ya Bi. Kadii.

Mtu mwingine angekasirika. Mheshimiwa Kaingu alikwenda kwa mwenyekiti wa baraza na ombi dogo: Kamati ya Kilimo yote, pamoja na wale waliompinga, itembee shamba moja tu, la Bi. Kadii, pamoja naye. Hakutaka hotuba wala chifu wala ngoma za kupokewa. Watembee tu. Mwenyekiti akakubali, nadhani kwa sababu gari lilikuwa linakwenda Watamu, njia hiyo hiyo, siku hiyo hata hivyo.

Tulifika Dabaso jua likiwa kali. Karani wa kamati, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, alikuwa na kiatu kilichokatika kamba, kwa hivyo anakumbuka vizuri urefu wa shamba lile. Mheshimiwa Kaingu alikuwa amemwita Bwana Muhdhar pia, naye alikuja akiwa amenuna. Alikuwapo pia Simeon, mgema wa pale, ambaye alikuwa amekodi minazi miwili ya Bwana Muhdhar kwa ajili ya tembo, na alikuwa juu ya mmojawapo akiendelea na kazi yake. Utaratibu ulikuwa rahisi. Twende mnazi kwa mnazi, na kila mnazi utajwe: mwenyewe nani, anayeutumia nani, na ukifa, mwenye haki ya kuuangusha nani. Wanaohusika wote wawepo, na wasikiane.

Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Madiwani walianza kuchoka, na mate yakawa mazito. Diwani Mahadhi alisimama kivulini, akatazama juu, akaona madafu yameshikana kama watoto wanaoogopa. Akamgeukia Bi. Kadii kwa upole wa mgeni.

"Mama, kwa hisani yako, tuangushie madafu mawili matatu. Tumekauka."

Bi. Kadii aliona haya. Kumnyima mgeni kitu cha kunywa ni aibu kubwa kwetu, na alikuwa mbele ya waheshimiwa. Akasema, "Maji ya kisima nitakupa, baba, tena ya baridi. Dafu si langu. Muulize mwenyewe, yule kule."

Bwana Muhdhar alikuwa amekwenda mbele kidogo. Diwani Mahadhi akapaza sauti kwa mgema aliyekuwa juu. "Ewe bwana! Wewe uko huko huko, tuangushie hata moja!"

"Siwezi, mheshimiwa," akajibu Simeon kutoka kileleni. "Mimi nina haki ya tembo tu. Dafu sina ruhusa. Ukitaka tembo, nakuteremshia sasa hivi."

Diwani Mahadhi, ambaye hakosi sala hata moja, alicheka mpaka akashika mti. Kisha kicheko kikamtoka polepole. Alitazama madafu, akamtazama Bi. Kadii, akamtazama Kaingu. Yeye alikuwa anakunywa maji ya kisima, glasi nzima, kama kawaida yake.

"Basi huyu mama," akasema Diwani Mahadhi, "hawezi kunipa dafu moja la mnazi huu. Na sisi twataka kumfunga kwa sababu hakuuangusha mnazi mzima."

Hapakuwa na haja ya hotuba. Bwana Muhdhar aliporudi na kusikia kilichotokea, kununa kulimwisha. Aliagiza madafu yaangushwe, na la kwanza akampa Bi. Kadii kwa mkono wake. Siku tatu baadaye vijana wake walikuja wakaikata ile minazi minne, wakapasua mbao, na mbili nzuri wakamwachia kwa mlango wa jikoni. Yeye mwenyewe alituambia baadaye kwamba laiti mtu angemwambia mapema kazi ni yake, angeifanya mapema. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu sheria haikumjua.

Kikao cha dharura kiliitwa kabla ya siku ya kesi. Diwani Mahadhi ndiye aliyeomba kutoa hoja, na Mheshimiwa Kaingu akamwachia. Baraza likaondoa mashtaka yote ya minazi yaliyokuwa yamefunguliwa, la Bi. Kadii likiwa la kwanza. Sheria ikaandikwa upya. Wajibu wa kukata ni wa mwenye mnazi, na mwenye ardhi wajibu wake ni kumpasha habari na kumpisha. Hakuna samansi itakayotolewa kabla ya shamba kutembewa na minazi kutajwa mbele ya wote wanaohusika. Chonga walipungua, hasa kwa sababu hiyo: wenye minazi wa mjini, ambao sheria ya kwanza iliwasahau, ndio waliokuwa na magogo mengi kuliko wote.

Tangu hapo Kamati ya Kilimo haijapitisha kanuni yoyote bila kutembea kwanza. Wakati wa njaa ya 1984, wakulima walipolazimika kuwa na kibali kusafirisha magunia ya mahindi, Mheshimiwa Kaingu aliwapeleka wenzake wakasimame kwenye kizuizi cha barabara ya Ganze kuanzia asubuhi, watazame wenyewe nani anayerudishwa. Hawakuona walanguzi. Waliona watu wanaowapelekea mama zao chakula. Kibali hicho hakikuwa chetu kukifuta, na mpaka leo hakijafutwa. Lakini baraza liliandika kwa wakubwa kwa sauti moja kwamba chakula cha ukoo kisizuiwe njiani, na gunia la mtu anayepeleka kwao lilianza kupitishwa kwa urahisi zaidi. Yeye husema kazi hiyo haijaisha, na anatuachia sisi tuimalize. Hakutuachia kama mzigo. Alituachia kama mtu anayejua kwamba itafanyika.

Itafanyika. Kamati anayoiacha si ile aliyoikuta. Mwezi uliopita mkaguzi mpya, Bi. Mwikali, alileta rasimu ya kanuni za ukataji wa mikoko. Kabla hajamaliza kuisoma, madiwani wawili walikuwa wameshauliza gari litaondoka lini kwenda kuitazama. Mheshimiwa Kaingu alikuwa ameketi pembeni akimenya muhogo. Hakuinua hata kichwa.

Naomba niongeze jambo moja langu. Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, mama yangu mzazi, Bi. Zuleikha, alitutoka. Mheshimiwa Kaingu alikuja hitimani, akakaa mkekani na wajomba zangu, na kabla ya kuondoka akawauliza kwa sauti ya chini kama minazi ya marehemu imekwisha kutajwa. Minazi hiyo, aliyoirithi kwa babake na mingine aliyoipanda mwenyewe, iko Mida katika ardhi ya Mzee Kahonzi. Katika koo nyingi hapo ndipo ugomvi unapoanzia, msiba ukiwa bado mbichi. Juma lililofuata tulikwenda wote, naye akaja nasi, na tukatembea kama sheria isemavyo. Sisi watoto tuliitaja tuliyoijua. Tulipodhani tumemaliza, Mzee Kahonzi, ambaye angeweza kunyamaza na asijulikane, alikwenda hadi mpakani akaweka mkono juu ya mnazi mmoja mrefu.

"Na huu," akaniambia. "Mama yako aliupanda wewe ukiwa tumboni. Nilimshikia jembe."

Nilikuwa sijui kwamba upo.

Mheshimiwa Kaingu anarudi Ganze kwa Bi. Jedida, kwa mahindi yake na mbuzi wake, ambao tunaamini wamefunzwa kutokula kofia. Mheshimiwa, kwa niaba ya madiwani, makarani, wakaguzi na madereva wa baraza hili, na kwa niaba ya wote ambao mali yao sasa hutajwa kwa jina, ahsante sana. Tunakuombea afya, mvua za kukutosha, ghala la kujaa, na wageni wengi watakaoingia kwako kwa kupitia jikoni. Nenda ukaishi vizuri.

Mwanatumu Fumo
Karani wa Kamati ya Kilimo